Cheche za Uongo

Nimefanya kazi ya umeme miaka 34, mingi kati ya hiyo nikiwa juu ya nguzo, na sijapata kuuona umeme hata siku moja. Nilichokiona ni makosa yake: shoti, waya uliolegea, kikombe kilichopasuka, kunguru aliyetua pasipostahili. Umeme unaokwenda sawasawa hauonekani. Jambo hili kila fundi analijua, nami nilidhani kila mtu mwingine analijua, mpaka jioni moja mjukuu wangu aliponiita sebuleni akisema, "Babu, njoo uone umeme wako."

Alikuwa mbele ya kompyuta yake akiendesha treni. Ndugu msomaji, kama hujapata kuiona michezo hii, nikueleze kwa ufupi. Ni programu zinazomweka mtu katika kiti cha dereva, na mbele yake imechorwa reli iliyopo kweli, ya Ujerumani au Uingereza au Japani, stesheni kwa stesheni, ishara kwa ishara. Mimi siidharau. Kijana huyu ana miaka 15, na kwa kuicheza amejua kwamba treni nzito haisimami kama daladala, kwamba breki hufungwa mapema na kwa kiasi, na kwamba taa ya njano ina maana yake. Hayo hakufundishwa shuleni.

Siku hiyo alikuwa amenunua nyongeza ya programu, kwa fedha alizopewa na mama yake anunue viatu vya shule. Maelezo ya muuzaji yaliahidi "uhalisia kamili" wa vichwa vya treni vya umeme. Nikaketi. Usiku ulikuwa umeingia katika ile reli ya kioo, treni ikaondoka, na pale juu ya paa, mkono wa kuchukulia umeme ulipogusa waya, zikaanza kumwagika cheche. Za rangi ya chungwa, nyingi, zikidondoka ubavuni mwa kichwa cha treni kama cheche za grainda ya fundi mageti. Hazikukoma. Kilometa ya kwanza, ya pili, ya kumi, cheche tu. Mjukuu wangu akanigeukia akingojea sifa.

Nilimwambia: "Hiyo treni ni mgonjwa. Isimamishe kabla haijakata waya."

Alicheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha, na ndiyo maana naandika.

Tuanze na chombo chenyewe. Juu ya reli ya umeme hupita waya wa shaba, mnene kiasi cha kidole kidogo, umening'inizwa kwenye waya mwingine ili usilale tumbo. Katika reli nyingi za sasa, ikiwemo yetu ya Dar es Salaam hadi Dodoma, waya huo una volti 25,000. Kichwa cha treni kina mkono juu ya paa, wenyewe huuita pantografu, na mwisho wa mkono huo pana ukanda wa kaboni unaousukuma waya kutoka chini kwa nguvu ndogo tu, kama uzito wa kilo saba treni ikiwa imesimama. Waya haukufungwa kwa kunyooka. Unakwenda upogoupogo, huku sentimita ishirini au zaidi, kule vilevile, ili kaboni ilike sehemu zote na isichimbwe mfereji mahali pamoja. Kila kitu katika mpango huu, uzito wa vyuma vya mkono, mkazo wa waya, nafasi kati ya nguzo na nguzo, kimepimwa kwa shabaha moja: kaboni na shaba visiachane.

Vikiachana, hata kwa unywele, umeme huruka ule mwanya. Huo ndio mmweko. Na kila mmweko hula shaba kidogo na kaboni kidogo. Ulaya wahandisi hupanda juu ya treni na vipimo, wakahesabu ni sehemu gani ya muda wa safari iliyotumika katika kumweka, wakaiandika kwa asilimia, nayo ikizidi kiwango treni au laini haipokelewi. Maana yake, kile ambacho muuzaji wa nyongeza anakiita uhalisia, mhandisi anakiita kasoro, tena anailipia watu waitafute na kuiondoa. Ni sawa na kutengeneza mchezo wa gari ambamo magari yote yanatoa moshi mweusi na kugonga injini, ukasema hivyo ndivyo magari yalivyo.

Sasa msomaji mwenye kujua ataniambia kwamba cheche zipo, amekwisha kuziona. Kweli zipo. Mimi sisemi zifutwe. Nasema kila moja ina sababu yake, na asiyeonyesha sababu asionyeshe cheche.

Katika nchi za baridi, alfajiri, umande huganda juu ya waya. Treni ya kwanza ya asubuhi hupita ikikwangua barafu ile kwa kaboni yake, na hapo humweka kwelikweli, mpaka nguzo na miti ya kando huonekana kama mchana. Treni ya tatu na ya nne hazimweki tena, maana waya umekwisha kusafishwa. Kusini mwa Uingereza, ambako umeme wa volti 750 hupita katika reli ya tatu iliyo chini, mmweko wa barafu hutokea huko chini, karibu na magurudumu. Je, programu ya mjukuu wangu iliuliza ni mwezi gani? Iliuliza ni treni ya ngapi tangu usiku wa manane? Ilikuwa Julai ndani ya kioo kile, na cheche zilimwagika kama Januari.

Kuna na jambo jingine, ambalo kwangu mimi ndilo lenye utamu kuliko yote, na ambalo wauzaji hawa wamelipita bila kulitazama. Reli ndefu hailishwi na kituo kimoja cha umeme. Kila baada ya masafa fulani kituo kingine hupokea, na mara nyingi kituo hicho huchukua fezi nyingine ya gridi ya taifa. Fezi mbili hazikutanishwi. Kwa hiyo katikati yao huwekwa kipande kifupi cha waya usio na umeme, na treni hukipita kwa kasi yake yenyewe, kama mtu anayeruka mfereji. Kabla ya kufika kuna kibao kinachomwonya dereva. Anapunguza mvuto, anafungua swichi kuu, mshale wa volti unaanguka hadi sifuri, feni ndani ya mabehewa zinanyamaza katika treni nyingi, na kwa sekunde chache tani mia kadhaa zinateleza kimya. Kisha mshale unapanda, swichi inafungwa, feni zinarudi. Katika reli nyingine kazi hiyo hufanywa na mitambo yenyewe, kwa sumaku zilizowekwa kando ya njia.

Dereva akisahau na mitambo ikikosa kufanya kazi, akaingia pale huku injini inavuta, hapo ndipo mmweko hutokea: mmoja, mkubwa, wenye weupe wa kibuluu na ukijani wa shaba, wenye kuumulika upande mzima wa paa. Hebu fikiri jambo hilo lingekuwa na maana gani katika mchezo. Kijana amepitiwa, amesahau kibao, na ghafla usiku unapasuka juu ya kichwa chake. Angeruka kitini. Asingesahau tena. Lakini amekwisha kuzoeshwa cheche elfu za bure kila kilometa, basi hii moja ya kweli ingemwambia nini?

Hata rangi wameikosea. Ile ya chungwa ni rangi ya punje za chuma kilichoungua zikianguka, ndiyo maana inafanana na grainda. Tena umeme wa kwenda na kurudi, ule wa mizunguko 50 kwa sekunde, hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo mmweko wake una nafasi ya kufa. Umeme wa mkondo mmoja, kama wa volti 3,000 wa Italia au 1,500 wa Uholanzi, hauna sifuri hiyo; mmweko wake ni king'ang'anizi, hunyooshwa kama ulimbo. Wao wamechora cheche za aina moja, wakazibandika kwa treni zote za Ulaya, wakauza.

Nimejiuliza uongo huu umetoka wapi. Nadhani umetoka kwa moshi. Sisi Waswahili tuna ushahidi wake kinywani: tuliita chombo kizima gari moshi, kwa kile tulichokiona kikitoka juu yake, na jina limebaki hata baada ya injini za mvuke kuondoka. Jicho limezoea kwamba treni yenye nguvu lazima itoe kitu. Mwaka 2001 Microsoft ilipotoa programu yake ya treni, injini ya mvuke ya Flying Scotsman ilikuja na moshi na mvuke wake, na katika reli ya Marekani kati ya Philadelphia na Washington ikaja Acela, treni ya umeme, ambayo juu ya paa haikuwa na la kuonyesha ila mkono kupanda na kushuka. Watu wakaona imepunjwa. Tangu hapo wapenzi wa michezo hii wamekuwa wakitafuta cha kuipoza treni ya umeme, kana kwamba ukimya wake ni ulemavu.

Halafu zikaja video. Mtu anasimama darajani usiku wa baridi masaa mawili. Treni tisa zinapita bila kumweka, hazihifadhi. Ya kumi inamweka, naye anaipeleka duniani. Na kamera ya simu ikipigwa na mwanga mkali hupofuka, ikaukuza mmweko mara kadhaa ya ulivyokuwa. Mtengenezaji aliyeketi mbali anakusanya video hizo ishirini, anasema huu ndio uhalisia, nina ushahidi. Ni kama mtu aliyeijua Dar es Salaam kwa picha za mafuriko tu, akachora watu wote wana mitumbwi.

Nimeambiwa, na si na mjukuu wangu peke yake, kwamba huu ni mchezo tu, na mchezo unahitaji kuchangamsha. Sikubali. Mwaka 1996 Wajapani wa kampuni ya Taito walitoa mchezo unaoitwa Densha de Go!, na ndani yake kazi kubwa ilikuwa kuifikisha treni ya abiria stesheni kwa wakati na kuisimamisha penye alama, bila kuwayumbisha abiria. Basi. Watu walipanga foleni kuweka sarafu. Uchangamfu ulitoka kwenye kazi yenyewe. Asiyejua kazi ndiye anayeona haja ya fataki.

Lakini kilichonifanya nikasirike si ubishi wa sebuleni. Mwishoni mwa mwaka 2024, miezi kadhaa baada ya safari za abiria kuanza mwezi wa sita, nilimchukua kijana huyu tukapanda treni mpya ya umeme kwenda Morogoro. Nilikuwa na furaha nisiyoweza kuieleza. Wenzetu wa Katanga wana reli ya umeme, kati ya Likasi na Tenke, tangu miaka ya 1950, kabla sisi hatujapata uhuru. Mimi nimezeeka nikiingojea yetu. Tulipofika Morogoro magharibi ilikuwa inaingia, tukasimama kando ya jukwaa kuitazama treni ikiondoka kurudi Dar es Salaam. Iliondoka kama maji. Waya uliinuka kidogo mbele ya mkono, ukashuka nyuma yake, hakuna kilichowaka. Nikasema moyoni, hii ni kazi safi.

Mjukuu wangu akaangalia waya, akasema: "Babu, mbona hauwaki? Labda wameshauzima."

Nilimshika mkono. Sikumjibu pale pale kwa sababu sauti haikutoka.

Mwaka 1989 tulikuwa watatu chini ya laini moja ya msongo mkubwa, mkoa siutaji. Tulikuwa tumeambiwa laini imezimwa. Ilizimwa nyingine. Mwenzetu mkubwa kwa umri, mtu aliyenifundisha mimi kupanda nguzo, alitazama juu, akasikiliza, akasema, "Imelala hii." Haikuvuma wala kumweka, ilikuwa waya tu na mbingu nyuma yake. Mimi ndiye niliyempa ile ngazi ya alumini. Hakuugusa waya kwa mkono wake. Ngazi ilipousogelea ndipo tulipouona umeme, mara moja, na alikuwa ameshaanguka. Aliacha mke na watoto wanne. Kwa miaka mingi nilipopita karibu na nyumba yao nilivuka upande wa pili wa barabara.

Basi mtu asiniambie cheche ni pambo. Kijana aliyelelewa na kioo kinachosema umeme uliopo unawaka, atasoma vilevile kinyume chake: usiowaka haupo. Waya wa reli una volti 25,000 treni ipo au haipo, mchana na usiku, bila kuvuma, bila kuonya, na hauhitaji kuguswa. Uingereza wafanyakazi wa reli wasio na kibali maalumu hukatazwa kukaribia waya huo, wao na vyombo vyao, kwa chini ya mita 2.75. Watoto wetu wanaokaa kando ya njia hii wana vijiti vya kuangulia maembe, wana mabomba, wana vishada vya nyuzi zilizolowa. Wengi wao hawatauona mchezo huo wa kompyuta, najua. Lakini watauona wale watakaosoma, wale watakaokuwa madereva na mafundi wa reli hii, na mazoea ya jicho hayangoji ruhusa ya mwalimu.

Na ingekuwa hakuna la kuchora badala yake, ningewaelewa. Yapo mengi! Wachore waya unavyoinuka sentimita chache mkono unapopita na kutikisika baadaye, nguzo hadi nguzo. Wachore paa lilivyo jeusi kwa vumbi la kaboni kuzunguka mkono, wakati ubavu ni safi. Wachore mkono usivyoruka juu mara tu kitufe kinapobonyezwa, bali unavyongoja hewa ijae, kisha unapanda kwa haraka na kuugusa waya polepole, kama mtu anayeweka yai sahanini. Wachore hewa inavyotetemeka kwa joto juu ya matundu ya feni baada ya mlima mrefu. Wauangushe mshale wa volti pale kituo kinapokuwa mbali na treni mbili zinavuta pamoja. Na cheche wanapozichora, mwanga wake uangukie nguzo, paa, na uso wa abiria aliye dirishani, kisha giza lirudi likiwa zito kuliko mwanzo. Haya yote yana kazi ngumu kuliko kumwaga punje za chungwa. Labda ndiyo sababu hayafanywi.

Nilimweleza mjukuu wangu habari ya ngazi tulipokuwa kwenye treni ya kurudi. Hakusema kitu mpaka tulipopita Ruvu. Halafu akauliza kama watoto wale wanne walisoma. Nikamwambia wawili walisoma.

Wiki hiyo aliiondoa ile nyongeza. Alimwandikia muuzaji barua ndefu kwa Kiingereza chake, akitaja barafu, fezi na Julai, na akajibiwa kwa sentensi mbili za adabu kwamba wateja wengi wamezipenda cheche hizo. Siku hizi anajitengenezea kipande chake cha reli, na amekwama mahali pa kuweka kibao cha kufungulia swichi: anataka kujua treni ya kasi ya kilometa 160 kwa saa ionywe umbali gani kabla ya waya usio na umeme. Tunapiga hesabu pamoja jioni. Fedha za nyongeza hazikurudishwa, na viatu ilibidi ninunue mimi.